Baba mdogo kakutwa na kansa ya uume, majibu ya kipimo cha kinyama yanasema kuna virusi. Ndo basi tena au kuna nafuu?

Kijana wa Isaka

Habari zenu wakuu. Naandika nikiwa sijalala vizuri siku ya nne leo, naomba wenye uelewa waje, na wasiojua wasome tu maana nao wana baba zao.

Baba mdogo wangu ana miaka 57, ni mkulima wa mpunga na ana ng'ombe kidogo, yuko kwetu upande wa Kahama. Mwaka jana mwishoni alitokewa na kidonda kwenye uume, ndani ya govi (hajatahiriwa, wazee wengi wa rika lake kule kwetu hawakutahiriwa) akakaa nacho kimya. Akanywa dawa za kaswende, akapaka krimu za fangasi za duka la dawa, akaenda na kwenye mizizi, kidonda kinakua tu. Mama mdogo ndo alikuja kunipigia, akazunguka wee mpaka akasema "baba yako ana kidonda mahali pa aibu", hapo nikamwelewa. Tukamleta hospitali kubwa wakamkata kinyama, baada ya wiki 3 majibu yakatoka.

Kwenye karatasi wameandika kansa ya seli bapa aina ya basaloidi, halafu chini wameandika p16 chanya, inahusiana na HPV. Daktari alikuwa na foleni ndefu nje, akatuambia hii kansa imeletwa na virusi na mzee itabidi afanyiwe upasuaji, tukatoka. Sasa kwenye gari ndo maneno yakaanza. Shangazi anasema virusi maana yake mzee alikuwa anazurura, mama mdogo tangu siku hiyo haongei, anapika anaweka chakula anatoka. Na mzee mwenyewe jana kanishika mkono kaniambia "mwanangu kama ni virusi basi viko kwenye damu, mtauza ng'ombe mnikate bure, niacheni nife na mwili wangu mzima". Nilishindwa kumjibu wakuu, kweli nilishindwa.

Nachotaka kujua ni hiki: huyu mwenye kansa yenye virusi ana hali mbaya kuliko asiye na virusi au ni sawa sawa? Maana hilo ndo linaamua kama mzee atakubali upasuaji au la. Naombeni majibu ya kweli, msinipe moyo wa uongo.

Fundi Hadubini

Pole sana ndugu. Mimi niko maabara ya patholojia, vinyama kama cha baba yako ndo napaka rangi kila siku, kwa hiyo ngoja nianze na hilo neno p16 maana ndo limeleta tafrani kwenye familia yenu.

p16 sio kirusi. Ni protini ya mwili wetu wenyewe, kazi yake ni breki ya seli zisigawanyike hovyo. Kirusi cha HPV kikiingia kwenye seli na kukaa miaka mingi kinatengeneza protini zake mbili, E6 na E7. E7 inaivuruga protini nyingine inaitwa Rb, seli ikiona Rb haifanyi kazi inamwaga p16 kwa wingi kujaribu kufunga breki, lakini breki haishiki tena. Kwa hiyo sisi tukipaka rangi ya p16 na kinyama kikawa na virusi vinavyofanya kazi, kinakolea kahawia chote mfululizo, sio madoa madoa, ni kama umemwaga chai ya rangi kwenye kitambaa cheupe. Tukiona hivyo tunaandika chanya. Ni alama ya kutuonyesha kansa ilipitia njia gani.

Maana kansa ya uume ina njia mbili, na Shirika la Afya Duniani kwenye uainishaji wake wa 2022 limezitenganisha kabisa, zinazohusiana na HPV na zisizohusiana. Ya kwanza ni hii ya baba yako. Ya pili inatokana na govi kubana kwa miaka, uchafu na uvimbe wa kudumu ndani ya govi, sigara, na ule ugonjwa wa ngozi kuwa nyeupe na ngumu kama karatasi unaitwa laikeni sklerosasi. Uchambuzi mkubwa uliotoka 2019 ukikusanya tafiti 52 za nchi mbalimbali ulikuta karibu nusu ya kansa za uume zina HPV, na kati ya hizo zaidi ya theluthi mbili ni aina moja tu, HPV 16, ndio ile ile inayosumbua sana mlango wa kizazi kwa kina mama.

Sasa swali lako lenyewe. Jibu litakushangaza: kwa tafiti nyingi, mwenye virusi ndiye anayeishi zaidi. Uholanzi walifuatilia wagonjwa 171, wakatoa matokeo 2006, baada ya miaka 5 wale waliokuwa na HPV ya hatari asilimia 93 hawakufa kwa kansa hiyo, wasio nayo asilimia 78. Wakarudia na kundi jingine la wagonjwa 212, 2015 wakatoa tena, ikawa 96 kwa 82. Watafiti wa Denmark nao wakajumlisha tafiti za watu wengine, wakakuta hatari ya kufa na kansa hii ni pungufu kwa karibu asilimia 40 kwa wenye HPV, na kwa wenye p16 chanya inapungua kwa zaidi ya nusu.

Kwa hiyo lile neno lililowatoa machozi kwenye gari, mimi nikiliona kwenye karatasi ya mgonjwa huwa nashusha pumzi kidogo.

Kijana wa Isaka

Fundi asante sana, nimesoma mara tatu. Lakini inakuwaje sasa, mdudu ndo kaleta kansa halafu mwenye mdudu ndo anapona zaidi? Hili nikimwambia mzee atanicheka.

Fundi Hadubini

Hatakucheka ukimweleza kwa lugha ya shamba.

Kwenye seli kuna mlinzi anaitwa p53, kazi yake DNA ikiharibika sana anaiamuru seli ijiue. Kwenye kansa nyingi zisizo na virusi huyu mlinzi ameharibika kabisa, jeni yake imevunjika, haifanyi kazi tena. Kwenye kansa ya HPV mlinzi mwenyewe ni mzima, ila ile protini E6 inamkamata kila akitokea. Yaani mmoja kafa, mwingine kafungwa kamba. Na kuna wanaodhani hiyo ndo sababu kansa za HPV zinaitikia mionzi vizuri zaidi, kwamba mionzi ikipiga, yule aliyefungwa kamba bado anaweza kuinuka. Jambo la pili, seli yenye virusi inabeba protini ngeni, kinga ya mwili ina kitu cha kukishika, wakati kansa isiyo na virusi imetokana na mwili wenyewe na kinga inaiona kama mtoto wa nyumbani.

Na hili halikuanzia kwenye uume. Kansa za koo nyuma ya ulimi ndo zilifungua macho ya watu. 2010 Marekani walionyesha wagonjwa wa koo wenye HPV asilimia 82 walikuwa hai baada ya miaka 3, wasio nayo 57. Tofauti kubwa mno, na wote walitibiwa kwa mionzi na kemo.

Mdadisi wa Mwanza

Fundi naheshimu maelezo yako ila naomba niweke angalizo, maana jamaa kasema hataki moyo wa uongo.

Sio tafiti zote zinasema hivyo. Brazil, ambako hii kansa ni nyingi kuliko Ulaya, walichunguza wagonjwa 82 na kutoa matokeo 2001, karibu asilimia 30 walikuwa na HPV na hawakuona tofauti yoyote ya kuishi kati ya makundi mawili. Na hizo asilimia 93 na 96 za Uholanzi ni za watu wanaofika hospitali kidonda kikiwa kidogo, wana wataalam wa ugonjwa huo tu, wanaitwa kila miezi 3 kuangaliwa. Mzee wa Kahama aliyekaa na kidonda mwaka mzima usimchukue ukampachika namba za Amsterdam. Pia ni ugonjwa adimu, wagonjwa 171 au 212 ni wachache, na kila utafiti unapima HPV kwa njia yake.

Sisemi p16 chanya sio habari njema, nasema isiwe sababu ya familia kubweteka. Kinachoua kwenye hii kansa ni mitoki. Hapo ndo muulize.

Fundi Hadubini

Uko sahihi kabisa Mdadisi na nakushukuru, ningepaswa kuanza na hilo. Ndugu wa Isaka chukua hili la mitoki ulishike kuliko p16. Hii kansa haikurupuki kwenda mapafuni, inapita njia inayojulikana: kutoka uume inaingia tezi za kinena, kulia au kushoto au kote, halafu ndo inapanda kwenye tezi za ndani ya nyonga. Mgonjwa ambaye tezi za kinena ni safi, zaidi ya 8 kati ya 10 wanavuka miaka 5. Ikiwa imeshika tezi moja bado wengi wanapona wakikatwa mapema. Ikishafika nyongani wanaobaki ni wachache sana, awe na virusi asiwe navyo. Tena hii basaloidi ya mzee, pamoja na kwamba ina HPV, kwenye hadubini ni seli kali, zinakua haraka, haitaki kungojewa.

Je, baba mdogo ana mitoki? Mmeshika?

Kijana wa Isaka

Ndiyo. Kulia kuna kitu kama punje ya karanga, hakimuumi. Daktari wa kwanza kabisa wa kule wilayani alisema ni kwa sababu ya usaha wa kidonda, akampa antibiotiki.

Nimevuka 2019

Kaka nimeingia kwa sababu ya hiyo punje ya karanga.

Mimi ni mgonjwa wa hiyo hiyo kansa, mwaka 2019 nilikatwa. Nilikuwa na miaka 49. Yangu haikuwa na virusi, p16 walisema hasi. Nilikuwa na govi lililobana tangu ujana, ngozi nyeupe ngumu, nikawa naona aibu, kila mahali nilipokwenda wananiandikia krimu bila kunivua nguo. Kuna hospitali moja sitaitaja, mara tatu nimeenda na mara tatu hakuna aliyenifungua suruali aone, wananiuliza mdomoni tu. Miaka miwili ikaenda hivyo. Harufu ilikuwa mbaya mpaka nikahamia kulala sebuleni, najipaka poda ya mtoto usiku mke wangu asisikie, na alikuwa anasikia.

Nilipofika kwa daktari wa njia ya mkojo, wa kweli, kitu cha kwanza alichofanya ni kunilaza na kunishika kinena pande zote mbili kwa vidole, taratibu, kama mtu anatafuta sarafu kwenye mfuko wa shati. Akapata uvimbe kushoto. Nikamwambia nilishapewa antibiotiki, akasema zamani walikuwa wanamwambia mgonjwa ameze wiki 4 hadi 6 waone kama mtoki utashuka, siku hizi hawangoji, wanachoma sindano nyembamba siku hiyo hiyo wanavuta majimaji wanapeleka maabara. Ikarudi ina kansa. Wakakata sehemu ya mbele ya uume, wakatoa na tezi za kinena pande zote mbili.

Sikufichi, kinena ndo kilinitesa kuliko uume. Jeraha lilifumuka, likachukua miezi miwili kufunga, mpaka leo mguu wa kushoto unavimba jioni navaa soksi za kubana. Lakini nipo. Nachunga mbuzi wangu, nakojoa nimechuchumaa, na mke wangu yuko chumbani na mimi. Mimi nisiye na hiyo p16 nzuri nimevuka kwa sababu mitoki ilitolewa mapema. Sasa baba yako mwenye hiyo p16 asipoteze bahati yake kwa punje ya karanga.

Kuhusu mtoki kutokana na usaha, ni kweli inatokea sana, mitoki mingi ya wagonjwa wa hivi ni uchafu tu wa kidonda. Ila kwa vidole huwezi kujua, hata daktari hawezi. Na hata kisiposhikika kitu kabisa bado kama mtu 1 kati ya 4 au 5 anakutwa kansa imeshaingia kidogo kidogo. Mwambie daktari achome sindano.

Na akisema anataka kufa na mwili mzima, mwambie mimi nilisema hivyo hivyo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Poleni sana. Wanaume mmeongea vizuri ila hakuna aliyemgusa mama mdogo, na yeye ndo ananiuma.

Kijana, kaa na mama yako umwambie haya kwa upole, ikiwezekana na shangazi awepo. HPV ni kirusi cha kawaida mno, karibu kila mtu anayefanya tendo la ndoa anakutana nacho wakati fulani maishani, hata mwenye mwenza mmoja, na wengi mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka au miwili bila mtu kujua. Kwa wachache kinabaki. Kutoka kuingia mpaka kuwa kansa inapita miaka mingi, mara nyingi makumi. Kwa hiyo kirusi kilichomletea mzee kansa akiwa na 57 kinaweza kuwa aliingia nacho kwenye ndoa, au hata mama aliingia nacho, hakuna kipimo duniani cha kusema nani kampa nani. Anayesema huyu kazurura kwa sababu ya p16 anasema kitu ambacho karatasi haijasema.

Na wala sio kirusi cha kwenye damu. Hicho ndo mzee kachanganya na ukimwi. HPV inakaa kwenye ngozi na utando wa ndani pale pale, haizunguki kwenye damu, ndo maana kukata sehemu yenye kansa kuna maana. Hapo ndo pa kumshika mzee.

Ila mpimeni na VVU, na msiogope hilo. Watu wanaoishi na VVU hatari yao ya kupata kansa ya uume ni kama mara 4 ya wengine, kwa sababu kinga ikishuka HPV haifukuziki. Akikutwa nayo anaanzishiwa ARV huku matibabu ya kansa yakiendelea, kujua mapema kunawasaidia madaktari kupanga.

Mama mdogo naye aende akapimwe mlango wa kizazi, sio kama adhabu, ni kwa usalama wake maana kirusi ni kile kile. Wanapaka siki pale, wanaangalia kwa macho kama kuna sehemu inageuka nyeupe, dakika chache anatoka na jibu.

Kama mna mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapelekeni wakachanjwe, Tanzania chanjo ya HPV ilianza 2018 na tangu 2024 ni dozi moja tu. Mzee haitamsaidia, chanjo inazuia haitibu. Wavulana hawamo kwenye mpango wetu na mimi binafsi inaniuma kila nikiona mgonjwa kama huyu. Kwa wavulana kwa sasa tulicho nacho ni tohara. Kule Rakai Uganda walifuatilia wanaume, baada ya miaka 2 waliotahiriwa asilimia 18 ndo walikuwa na HPV za hatari, wasiotahiriwa karibu 28. Na aliyetahiriwa utotoni govi haliji kubana uzeeni. Kwa hiyo ile kampeni ya tohara ya "kudondosha mkono wa sweta" haikuwa ya ukimwi peke yake.

Mdadisi wa Mwanza

Nesi umemaliza. Naongeza kidogo tu, kama anavuta sigara aache sasa hivi, asingoje upasuaji. Na muulizeni daktari kama mionzi au kemo itahitajika baada ya kukata, mkumbusheni kwamba p16 ni chanya, maana kuna tafiti zinaonyesha wenye HPV wananufaika zaidi na mionzi ya kinena. Hiyo karatasi ya kinyama msiiache nyumbani, nendeni nayo kila mahali, pigeni na picha kwenye simu.

Kijana wa Isaka

Wakuu nimerudi, samahani nilikuwa safarini siku 9 mtandao wa shida.

Nilienda nyumbani mwenyewe, sikupiga simu. Nikakaa na mzee chini ya mwembe nikamweleza ya mlinzi aliyekufa na mlinzi aliyefungwa kamba. Akanyamaza muda mrefu, akauliza "kwa hiyo hakiko kwenye damu?" nikamwambia hakiko. Akauliza tena, nikamjibu tena. Halafu akauliza huyo mwenzake aliyekatwa anakojoaje, nikamsomea post ya Nimevuka yote, na ya soksi na ya mbuzi. Pale kwenye kulala sebuleni aligeuza uso.

Kesho yake asubuhi kamwambia mdogo wangu aswage ng'ombe wawili mnadani.

Sindano ya mtoki wamechoma Alhamisi, majibu bado. VVU hana. Daktari safari hii alikaa na sisi, nilipomtajia kinena akashika pande zote mbili. Upasuaji wamempangia Jumanne ijayo, wamesema sehemu ya mbele tu. Mama mdogo kaenda na Nesi wa kituo chetu wamempaka siki, wamesema pako safi, arudi baada ya miaka 3. Kamwambia mzee mwenyewe hilo jibu, nilikuwepo. Hawakusema lingine ila chakula walikula pamoja.

Nimevuka, naomba kama una la kumwandaa nalo wodini uniambie.

Nimevuka 2019

Mnunulie misuli miwili mipya ya kujifunga kiunoni, ya pamba, sio ya kuteleza. Suruali hataiweza kwa wiki kadhaa na shuka za wodi zinamfunua mtu. Kwenye gari la kurudi mkalishe kiti cha mbele kirudi nyuma, mto chini ya magoti, dereva akiona tuta apunguze kabisa. Mpira wa mkojo atatoka nao, mwambie mapema asishtuke akiuona akiamka.

Na siku ya kwanza kufungua bandeji asiwe peke yake. Mimi nilikuwa peke yangu. Kaa naye wewe, au mama mdogo kama mzee atakubali. Nipe majibu ya sindano yakitoka, usiku wowote niko macho.